Maji Yaliyokataa Kuchemka Zurari

Aliyeutawala mji wa Zurari zamani hizo ni Sultani Khalfani bin Muhidini, mtu mpole mwenye kauli moja, na katika jiko la jumba lake alikuwapo binti wa miaka kumi na miwili aitwaye Kalunde. Alitoka bara, kwa wachoma mkaa, na mama yake alipofariki alichukuliwa na mpishi mkuu, Bi Mwanatumu, akamlea kama mjukuu, na Kalunde hakuwa na mtu mwingine duniani.

Mama yake alimfundisha kwamba maji ya moto hayamwagwi kimya. Kila alipoinama kwenye karo la maji machafu nyuma ya jiko alisema, "Bismillahi, jamani, namwaga," akangoja kidogo ili viumbe wasioonekana wasogeze watoto wao, ndipo akamwaga. Wajakazi wa mjini walimcheka mpaka wakashika mbavu, na mmoja wao, Mwanahawa, kila asubuhi alimwuliza, "Shoga, wenyewe wa karo hawajambo? Leo hawakukuagiza kitu?"

Basi mke wa Sultani alijifungua, na kesho yake maji yakakataa kuchemka. Kuni ziliwaka, mafiga yakawa mekundu, na mtu akitia mkono chunguni huyakuta maji baridi kama ya mtungini. Mzazi hakupata uji wala maji ya kukandwa, akashikwa na homa. Watu wakanong'ona kwamba Bi Mwanatumu ana kijicho kwa kuwa hakujaliwa mtoto, na ndiye aliyeyaroga maji, na Sultani akaamuru kwamba maji yasipochemka hadi Ijumaa baada ya sala, mpishi atolewe mjini. Bi Mwanatumu akaanza kukunja nguo zake, na miguu yake ilivyovimba, hata lango la mji asingelifika.

Alhamisi alasiri Kalunde alisikia mtoto akilia chini ya karo. Akatoa salamu, akajibiwa, na jiwe la karo likafunguka kama mlango, akatoka mwanamke mfupi aliyevaa kaniki, na mboni za macho yake zimesimama wima, amebeba mtoto aliyebabuka mguu. Akasema kuwa yeye ni jini Mwislamu, na joto la jiko lile amelifunga yeye, asije akaunguzwa mtoto mwingine.

Kalunde akauliza ni nani aliyemwunguza, na moyo wake ulikwisha kujua.

"Wengine humwaga ovyo, nasi tukisikia nyayo zao hukimbia," jini alisema. "Nyayo zako tulizijua. Tulikaa, tukijua utasema kwanza. Siku ile hukusema."

Ilikuwa kweli. Siku ya uzazi ua ulijaa wageni, na Mwanahawa amesimama karibu, na Kalunde aliona haya, akamwaga maji ya wali kimya. Akalia, akaomba radhi.

"Nimekusamehe," jini akasema. "Lakini yuko mzee anayesingiziwa. Kaseme mbele ya wale uliowaonea haya, nami nitaufungulia moto."

Ijumaa, baraza lilipojaa, Kalunde akapita katikati ya watu, akapiga magoti.

"Bwana wangu, kosa ni langu. Niliona haya kutaja jina la Mungu mbele za watu, nikamwunguza mtoto wa watu wasioonekana. Nitoe mimi, umwache bibi yangu."

Sultani akauliza ni nani aliyemtia haya. Mwanahawa akatazama chini. Kalunde akajibu kwamba haya ilikuwa yake mwenyewe. Kabla Sultani hajanena, mvuke ukafuka madirishani mwa jiko, na vifuniko vikasikika vikianguka kimoja baada ya kingine.

"Mpishi akae, na binti akae," Sultani akasema. "Na asiyejua kumwaga maji katika jumba langu, aende akafundishwe na huyu."

"Ungeniambia jana, mwanangu," Bi Mwanatumu akamnong'oneza. "Usiku kucha nakunja nguo."

Mzazi akakandwa, akapona. Mwanahawa alikuwa wa kwanza kuja kufundishwa. Kalunde akakua, akaolewa na Swaleh, mfumaji vilemba, na asubuhi ya harusi walikuta kando ya karo sanduku la udi na marijani, lililowatosha maisha yao yote.

Hadithi inatufundisha kwamba jema ulilolizoea lina anayelitegemea, hata kama humwoni, na anayelicheka hana la kukulipa ukiliacha. Mola atujaalie kuwakumbuka tusiowaona, walio karibu nasi na waliotutangulia. Amina.