Salamu za Senzighe

"Salamu hazishiki jembe." Mmeisikia leo asubuhi kwenye kikao, ikawachekesha, na sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Haya, kaeni. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana aliyeisema mara ya kwanza hakuwa na kicheko. Alikuwa na hasira, na mimi kila nikiisimulia hasira hiyo hunipanda upya, kwa hiyo mnivumilie. Methali hii ilianza hivi.

Katika milima ya Upare, kijiji cha Itondo, aliishi bibi mmoja aitwaye Namkunda. Watu walimwita Mama Senzighe, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alizaa watoto watatu. Senzighe alikwenda kutafuta maisha Mwanza. Elinihaki, wa pili, alivuka mpaka akaingia Zambia. Nanzia, binti yake kitinda mimba, aliolewa, akafiwa na mume kabla ya kupata mtoto, akarudi kuishi na mama yake. Wajukuu Bibi Namkunda alikuwa nao saba, wote wa hao wana wa mbali, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtia machoni. Majina yao aliyajua kwa kuyasikia redioni.

Ndiyo, redioni. Siku hizo kulikuwa na vipindi vya salamu. Mtu hununua kadi, huandika majina ya watu anaowakumbuka, huituma kwa posta, kisha mtangazaji huyasoma yote. Senzighe alikuwa bingwa wa kadi hizo. Kila Jumapili alasiri mtangazaji alisema: "Senzighe wa Mwanza anamsalimu mama yake mzazi, Bibi Namkunda, popote pale alipo. Anasema, mama, nakukumbuka sana, nakuja karibuni." Popote pale alipo! Mama yake alikuwa palepale alipomwacha, kwenye mafiga yaleyale, na yeye njia ya kufika hapo aliijua tangu alipojifunza kutembea.

Lakini bibi hakulitazama hilo. Aliiweka redio dirishani, akafungua sauti hadi mwisho ili majirani wasikie, na Jumatatu alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza kama wamesikia. Asiyesikia alisimuliwa. Nanzia ndiye aliyenunua betri za redio hiyo.

Sasa lazima mjue jambo moja la Itondo, bila hilo hamtanielewa. Kule maji ya kumwagilia hukusanywa katika bwawa dogo la kuchimbwa kwa mikono, linaitwa ndiva. Usiku linajaa, mchana linafunguliwa, na maji yanashuka kwa mfereji hadi kwenye mashamba, kila shamba kwa zamu yake. Mfereji unaziba kwa matope na majani, basi kila mwezi baragumu hupigwa jioni, na kesho yake kijiji kizima hutoka na majembe kwa kazi ya pamoja inayoitwa msaragambo. Kila shamba la maji lina hatua kumi za mfereji wake. Jina la mwenye shamba likiitwa, lazima mtu aitike na achimbe hatua zake. Asiyechimba hapewi maji, awe mkubwa awe mdogo.

Nyumba ya Bibi Namkunda ilikuwa na mashamba mawili ya maji. Moja alilitia jina la Senzighe, jingine la Elinihaki, kwa sababu mwanamke hakugawiwa shamba la maji na hakuna aliyewahi kuhoji kwa nini. Msimamizi wa ndiva, mzee Kiangi, mwenye majina yote kichwani, alipoita "Senzighe!" aliyeitika ni Nanzia. Alipoita "Elinihaki!" aliyeitika ni Nanzia tena. Watu walichimba hatua kumi wakaenda nyumbani kunywa uji. Yeye alichimba ishirini. Kwa miaka tisa. Na kwa kuwa hakujua kulipua kazi, alipanga mawe kando ya hatua hizo, moja kwa moja, hata sehemu ile ikawa haibomoki hata mvua ikinyesha juma zima. Na wanakijiji, Mungu awasamehe, wakaiita "kwa Senzighe na Elinihaki". Bibi akiwa na mgeni alimpeleka pale kumwonyesha. "Tazama pa wanangu," alisema.

Mwaka huo Nanzia alipanda maharage katika shamba lililoitwa la Senzighe. Yalikwisha kuota, yana majani manne manne. Jumapili ikaja salamu kama kawaida, nakuja karibuni, ila safari hii mtangazaji aliongeza, "mwaka huu Mungu akipenda." Bibi Namkunda hakulala kwa furaha. Asubuhi alimwambia Nanzia, "Yang'oe yale maharage. Kaka yako anakuja, akute shamba lake wazi, apande anachotaka mwenyewe."

Nanzia alidhani hakusikia vizuri. "Niyang'oe maharage yaliyokwisha kuota?"

"Shamba ni la nani?"

Nanzia akachukua ndoo. Akatoka kwenda kuteka maji. Aliporudi, aliona mama yake amekwisha shuka shambani mwenyewe, ameinama, anang'oa. Alikuwa amemaliza mistari miwili na miche ameitupa kwenye njia. Jamani! Nimesimulia hadithi hii mara nyingi, na hapa kila mara natamani ningekuwepo nimshike mkono yule bibi.

Jioni hiyo baragumu lilipigwa, na alfajiri Nanzia hakuchukua jembe. Alichukua kanga zake mbili na viatu, akavifunga.

"Baragumu hukulisikia?" mama yake akauliza.

"Nimelisikia. Limewaita wenye mashamba."

"Unakwenda wapi?"

"Hedaru, bondeni. Kuna mama ana mgahawa barabarani, anatafuta mpishi."

"Na mimi unaniacha na nani?"

"Na wanao," Nanzia akasema. "Usiogope, mama. Nami nikifika nitakutumia salamu. Jumapili fungua redio hadi mwisho."

Akateremka kwenda kulisubiri lori la ndizi, na hakugeuka. Bibi Namkunda alisimama mlangoni akimtukana hadi alipopotea kwenye kona. Alimwita mkosa shukrani, mwenye wivu, mwanamke asiyejua kumheshimu kaka yake. Kisha akatwaa jembe, akajifunga kibwebwe, akapanda ndivani akiwa amefura.

Watu walikuwa wamekwisha panga mstari. Mzee Kiangi akaita majina hadi akafika. "Senzighe!"

 Watu wakageuka kumtafuta Nanzia.

"Senzighe!"

"Hayupo," bibi akajibu kwa sauti. "Lakini anawasalimu. Juzi amewasalimu redioni, nyote mmesikia."

"Tumesikia, Mama Senzighe, nasi tumezipokea," mzee Kiangi akasema kwa adabu zake zote. "Jembe lake liko wapi?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Mzee akawanyamazisha, lakini hakupunguza neno. "Mimi sina ugomvi na mwanao. Hatua ni kumi, na za Elinihaki kumi. Zikichimbwa, maji utapata. Zisipochimbwa, zamu yako wiki ijayo nitampa mwingine. Sheria hii hukuitunga wewe wala sikuitunga mimi."

"Nitachimba mwenyewe!" bibi akafoka. "Mnadhani nimekufa?"

Akaingia mferejini. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na matope ya msimu huo yalifika magotini. Hatua ya kwanza aliichimba kwa hasira juu ya Nanzia. Ya pili aliichimba kwa hasira juu ya Kiangi na wale waliocheka. Ya tatu, malengelenge yakapasuka, jembe likamponyoka, akaegemea ukingo ili apumue. Mkono wake ukashika jiwe. Akalitazama. Pembeni yake lilikuwepo jingine limebanwa vizuri, na jingine, na jingine, hadi mwisho wa hatua ishirini. Ni sehemu aliyokuwa akiwaonyesha wageni, ila daima alisimama juu njiani. Hakuwahi kushuka ndani. Akajaribu kuling'oa moja, lisitikisike. Akajiuliza Senzighe alilibeba lini jiwe hili. Na Elinihaki, alilibeba kutoka wapi, Zambia?

Hapo ile hasira ikamgeukia mwenyewe. Na hasira ya kujikasirikia, wanangu, ndiyo kali kuliko zote, maana hakuna wa kumtukana. Akapanda juu ya ukingo, matope hadi magotini, akaita, "Kiangi!"

Watu wakaacha kuchimba.

"Futa jina la Senzighe. Futa na la Elinihaki. Miaka tisa nimekula salamu, nimewalisha na ninyi, na hakuna hata moja iliyonibebea jiwe. Salamu hazishiki jembe! Na usiniite tena Mama Senzighe."

Hakuna aliyecheka. Mzee Kiangi akauliza, "Nikifuta, niweke jina la nani?"

"Nanzia."

Minong'ono ikaanza, maana jambo hilo halikuwahi kufanyika. Mzee mmoja akasema mwanamke hapewi shamba la maji. "Mbona hamkusema mwanamke hachimbi mfereji?" bibi akamuuliza. "Miaka tisa ulikuwa unamwona hapa, ulidhani ni nani? Mbuzi?" Yule mzee akainamia jembe lake.

 "Sawa," mzee Kiangi akasema. "Ila Nanzia naye hayupo. Umetoka kufuta wawili kwa sababu hawapo. Siwezi kuweka wa tatu asiyekuwepo. Alete jembe lake hapa wiki ijayo, siku ya zamu, achimbe zilizobaki. Hapo nitaliita jina lake."

Kesho yake dereva wa lori la ndizi alipita. Yeye ndiye aliyembeba Nanzia, na ni mtu mwema, akasimamisha gari mbele ya nyumba. "Bibi, nashuka Hedaru. Nimpelekee binti salamu gani?"

"Ukinitamkia tena neno hilo nitakupiga," Bibi Namkunda akasema. "Nipishe nipande."

Hakuwahi kushuka mlima ule. Hedaru ameiona maisha yake yote kutoka uani, mabati yake yaking'aa mchana, akiihesabu kuwa nchi nyingine. Lori lilitumia saa tatu kwa sababu ya tope, na njia nzima bibi alikuwa akipiga hesabu za safari. Kama bikizee mwenye mikono iliyochubuka ametumia saa tatu, mtu wa Mwanza mwenye miguu mizima atatumia siku mbili. Miaka tisa ina siku mbili ngapi? Siku zote alilaumu umbali. Aliposhuka stendi ya Hedaru alikuwa halaumu umbali tena. Mwanza haikuwa imemshika Senzighe, wala mpaka haukumfunga Elinihaki. Watu hao walikaa tu.

Alimkuta Nanzia nyuma ya mgahawa anachochea sufuria la makande. Nanzia alimwona, akashtuka, kisha akaendelea kukoroga.

"Shikamoo, mama. Umemfuata mchimbaji wako?"

"Marahaba. Nimechimba hatua tatu," bibi akasema, akamfungulia viganja. "Tatu tu. Nikaona mawe yako."

Nanzia akavitazama viganja vile. 

"Yale majina nimeyafuta. Kiangi ataita lako ukiwa na jembe pale, si kabla. Maharage niliyong'oa siwezi kuyarudisha ardhini. Ningeweza kukutumia neno na dereva, lakini nimekuja mwenyewe. Nimemaliza. Ukitaka kubaki hapa, baki. Nitakaa kwenye benchi lile nile makande, na nitapanda lori la kesho."

"Na kaka zangu wakirudi wakadai?" Nanzia akauliza, na sauti yake bado ilikuwa kali. "Utanifukuza?"

"Wakirudi nitawasalimu," mama yake akasema.

Nanzia hakumrukia shingoni kwa furaha. Alimwambia mama yake wazi kwamba amemuumiza, na kwamba harudi kwa ajili yake, anarudi kwa ajili ya mawe yale. Bibi akasema hata hivyo inatosha. Siku ya zamu, mzee Kiangi aliita, "Nanzia!" Akaitika, "Nipo!" kwa mara ya kwanza kwa jina lake, na mfereji mzima ulisikia.

Senzighe alikuja baada ya miaka minne. Alikuja na mtu wa kununua shamba. Bibi Namkunda alimpokea mlangoni, akamsalimu kama mama anavyopaswa: hujambo mwanangu, habari za safari, mlilala wapi, Mwanza hawajambo, wajukuu zangu wazima, mvua imenyesha huko, kazi inakwendaje. Aliuliza yote, polepole, hakuruka hata moja, na yule mnunuzi akachoka kusimama. Kisha Senzighe akataja shamba.

"Limekwisha kuwa la Nanzia," mama yake akasema. "Ndiva yote inajua."

"Mama, mimi ndiye mtoto wako wa kwanza. Nimekukumbuka kila wiki! Ni wiki gani sikukusalimu?"

"Hukukosa hata moja," bibi akasema. "Na leo nimekurudishia zote. Sasa hatudaiani, mwanangu. Salamu hazishiki jembe."