Masinia ya Sultani Zahrani

Hapo zamani palikuwa na Sultani, jina lake Zahrani, aliyetawala mji uliopakana na jangwa. Siku moja alimwona mtumishi akiungua mkono kwa sinia la shaba lililoachwa juani, naye akajiona amevumbua jambo. Kwa nini tununue kuni, akauliza, na jua letu linapotea bure? Basi akaamuru masinia yasuguliwe mpaka yang'ae, yakapangwe jangwani yamulike sufuria za kasri.

Lakini upepo wa jangwani haujui heshima ya mfalme. Kila kukicha masinia yamejaa vumbi, yamefifia kama kwato za punda. Sultani akaamuru kwamba maji ya kisima cha wafugaji kilichokuwa karibu na hapo ni ya kuoshea masinia tu, na atakayeyagusa kwa haja nyingine atakatwa kichwa. Mbuzi wakaanza kufa, na wenye mbuzi wakalia.

Ikawa tena, chakula kikiivishwa huko hufika mjini kimepoa, na wapishi hukipasha moto kwa siri, kwa kuni. Sultani alipogundua alighadhibika, akamwita Msabaha, fukara mmoja hodari wa maneno, ambaye ndugu zake ndio hao wafugaji.

"Nataka wali ulioivishwa na jua la jangwani ufike kinywani mwangu ungali ukifuka mvuke. Ukishindwa, kichwa chako ni changu."

"Nimesikia na kutii, bwana wangu," akajibu Msabaha. "Basi kesho kinywa na kiende kwenye wali."

Mawaziri wakaficha nyuso zao. Sultani, kwa kuwa aliyaonea fahari masinia yake, alikubali, na kesho yake wakaenda wote. Wali ulikuwa wa moto kwelikweli, na chumvi Msabaha hakuihurumia. Punde Sultani akaomba maji. Msabaha akachota kata moja kisimani, akaimimina juu ya sinia, akaanza kulisugua taratibu.

"Wayamwaga, nami nafa kwa kiu?"

"Maji haya ni ya masinia, bwana wangu, kwa amri yako. Masinia hayana vichwa vya kukatwa. Sisi tunavyo."

Sultani akawageukia mawaziri, na kila mmoja akatazama mchanga. Mbuzi mmoja aliyekonda akaja, akalamba ukingo wa sinia, wala hakuna aliyemfukuza. Sultani akamwonea wivu mbuzi yule. Kisha akacheka mpaka akakohoa, maana koo lilikuwa kavu, akaifuta amri yake mbele ya watu wote na kukirudisha kisima kwa wenyewe.

"Haya, nipe maji sasa."

"Nitakupa, bwana wangu. Ila kisima kimerudi kwa wenyewe, na desturi yao mnyama hunywa kwanza, kwa kuwa hana ulimi wa kuomba."

Basi Sultani Zahrani akasimama juani, nyuma ya mbuzi, akingoja zamu yake. Na mbuzi walikuwa wengi.

Hekaya yangu imefika kisimani. Mwenye kiu na anywe.