Vipande Saba vya Tunu

Mtu mmoja alikuwa na kitabu kipya, na waliokitaka walikuwa saba, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao.

Mtu huyo aliitwa Eliamini, fundi viatu katika mji mdogo wa milimani, kule ambako watu wanaishi kwa kilimo cha tangawizi. Alipenda vitabu vipya kupita kiasi. Dereva wa lori la tangawizi alikuwa na agizo lake la kudumu: ukirudi kutoka jijini, rudi na riwaya iliyotoka karibuni, au diwani ya mashairi. Na si riwaya yoyote. Za majambazi na hazina zilizofukiwa alizirudisha. Alitaka kitabu ambacho ndani yake mtu anakaa, anapika, anakosea, anajuta, mpaka ukifika ukurasa wa mwisho unamjua kuliko jirani yako. Kitabu kikifika, alikinusa kwanza, kisha akawatangazia wateja, "Leo nimepata mgeni." Watu walileta viatu vizima kabisa kibandani kwake, eti vikaguliwe, ili tu wasikie habari za mgeni.

Mwaka huo mgeni aliitwa Tunu. Alikuwa mwanamke wa kwenye riwaya, mke wa mtu, mwenye mkono mwepesi wa kupika na ulimi mwepesi wa kutunga, na kila sura ya kitabu ilifunguliwa kwa beti zake. Eliamini aliwasomea wateja kurasa kumi za mwanzo, na watu sita wakagoma kuondoka. Kila mmoja alitaka kukiazima yeye kwanza. Hakuna aliyekuwa tayari kungoja. Eliamini akacheka, akachukua kisu chake cha kukatia soli, akasema, "Kufumua na kushona si ndiyo kazi yangu?" Akafumua uzi wa kitabu, akapata vipande saba. Kila siku ya gulio watu wangebadilishana, na wakishamaliza wote, angekishona upya. Yeye, kama mwenye mali, alianza na kipande cha kwanza. Wengine walianzia pale walipoangukia.

Basi sikilizeni yaliyotokea. Katika kipande cha tatu, Tunu anamfungia mlango mama mkwe wake. Mvua inanyesha, bibi wa watu anagonga, anaita, na Tunu yumo ndani na hafungui. Siku ya tatu yule bibi anafariki kwa homa ya mapafu. Mwenye mashine ya kusaga alianzia hapo, akatoka nje na karatasi mkononi akipiga kelele kwamba Tunu ni muuaji. Mwalimu wa kwaya yeye alianzia kipande cha tano, ambamo Tunu anafua nguo za marehemu huku akilia mpaka sauti inakauka. Kwake Tunu alikuwa malaika. Wale wawili walikuwa marafiki tangu utotoni. Juma la pili walikuwa hawasalimiani, na unga wa nyumbani kwa mwalimu ukawa unasagwa kwa jirani.

Eliamini alipofika kipande cha tatu naye alishtuka, lakini alikataa kuhukumu. Alisimama kibandani, nyundo mkononi, akawafokea watu wazima kama watoto wa shule. "Mtu hahukumiwi kwa kipande! Kuna kipande hatujakisoma!" Kweli kilikuwepo. Kipande cha sita hakuna aliyekuwa amekisoma. Mshona nguo aliyepewa kipande hicho mwanzoni hakutaka kuanzia katikati, hivyo akamwazimisha mwanamke mmoja anayemsaidia kutia vifungo, na tangu hapo hakikurudi. Eliamini aliposikia jina la mwanamke huyo, nyundo aliiweka chini.

Alikuwa Nakijwa, dada yake wa tumbo moja.

Miaka tisa kabla ya hapo mama yao alikufa. Nakijwa alikuwa ameolewa upande wa pili wa mlima, akapelekewa habari. Eliamini alisimama kaburini akitazama njia. Dada hakuonekana. Udongo uliporudishwa, alisema mbele ya waombolezaji wote, "Na dada yangu naye tumemzika leo." Watu walishika vichwa. Tangu siku hiyo jina la Nakijwa halikutajwa kibandani. Aliyejaribu kulitaja alionyeshwa kiganja. Shangazi yao alikuja na "damu nzito kuliko maji," akaonyeshwa kiganja. Mchungaji alikuja na Biblia yake, akapewa kigoda akae, kisha naye akaonyeshwa kiganja. Nakijwa alipofiwa na mume akarudi, akapanga chumba ng'ambo ya kijito, mwendo wa robo saa tu. Siku za gulio Eliamini akiuona mtandio wake kwa mbali, aligeukia ukutani akajifanya anatafuta misumari.

Sasa kipande cha sita kilikuwa kwake. Eliamini alituma mtu akichukue. Jibu likaja: mwenye kitabu aje mwenyewe. Akatuma tena, jibu likawa lile lile. Wiki mbili zilipita. Fundi alikosa raha, akagongelea kisigino cha kulia kwenye kiatu cha kushoto, wateja wakamcheka. Kila alipofumba macho alimwona Tunu nyuma ya mlango. Siku ya gulio, adhuhuri, wakati biashara imechanganya, alifunga kibanda akavuka kijito.

Ndugu zangu, nimeisimulia habari hii mara nyingi, na hapa hushtuka kila mara. Shangazi hakuweza kumvusha yule bwana. Mchungaji hakuweza. Kaburi la mama yake halikuweza. Karatasi ishirini na nne zilimvusha.

Nakijwa alifungua mlango, akamtazama, akaingia ndani akaleta kipande kimefungwa ndani ya kanga safi. Eliamini hakumsalimu. Alikipokea palepale kizingitini, akakifungua wima, akaanza na beti kama ilivyokuwa desturi yake.

*Mlango niliofunga, nimeufunga kwa chozi,*
*Wa nje ananisimanga, wa ndani hana pumzi.*

Akaendelea kusoma amesimama. Ndani ya nyumba ya Tunu, usiku ule wa mvua, walikuwa wamelala watoto wawili wenye ugonjwa unaoambukiza kwa pumzi. Mmoja alikuwa ameshakata roho. Tunu aliegemea mlango kwa mgongo, akauzuia usifunguke, akimsihi mama mkwe wake aende kwa majirani. Mvua ilikuwa kubwa mno, yule bibi hakusikia neno.

Eliamini akaruka kwa furaha. "Nilijua!" alisema. "Niliwaambia! Niliwaambia Tunu asihukumiwe, hawakunisikia!" Machozi yalimtoka. Alimwambia dada yake maneno hayo kana kwamba waliachana jana jioni wakiwa wanaelewana.

Nakijwa alimwacha amalize. Kisha akasema, "Umemtetea Tunu mbele ya soko zima, nimesikia. Na mimi, kaka, ulinisoma kipande cha ngapi?"

 Eliamini akainamisha macho, na fundi viatu akiinamisha macho huona viatu. Kiatu cha kulia cha dada yake kilikuwa bado na soli nzuri. Cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje mpaka ngozi, kimebandikwa kiraka cha tairi, na kiraka kimeshonwa kwa uzi wa nguo. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kusoma viatu. Soli hailiki hivyo kwa mwaka mmoja. Inalika hivyo kwa mtu anayeburuta mguu miaka mingi, mtu ambaye nyonga yake ilivunjika ikaunga vibaya.

Akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu mlipomzika mama."

Hakurefusha. Habari ya msiba ilimfikia imechelewa. Magari hayakuwepo, mvua ilikuwa imekata barabara. Alfajiri alishika kijia cha kupanda mlima ili awahi mazishi, akateleza, akaanguka korongoni. Wachoma mkaa walimkuta siku ya pili. Alilala hospitali miezi minne. Kutoka kitandani alimtumia kaka yake wajumbe watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alirudi na habari moja: nilipotaja jina lako, alininyooshea kiganja.

 Karatasi zilimtoka Eliamini mkononi zikatawanyika uani, na hakuinama kuziokota. Machozi aliyokuwa akimlilia Tunu dakika moja iliyopita yalikauka, na ya dada yake hayakuja. Alikaa chini kwenye kizingiti. Alikitazama kiganja chake mwenyewe kana kwamba ni cha mtu mwingine. Nakijwa ndiye aliyechechemea uani akaziokota kurasa moja moja, akazipanga kwa namba zake, akampa.

Eliamini akazipokea, akasema, "Vua hicho kiatu."

Alirudi kibandani kwake akipita katikati ya soko, watu wote wakimtazama, na kiatu cha dada yake kifuani. Alikuwa ameandaa uzi mzuri uliopakwa nta, wa kukishonea kitabu. Ule wa zamani, alioufumua mwanzoni, alikuwa ameshautupa. Ule uzi mpya aliutumia kwenye kiatu, wote, mpaka nchani. Alishona akilia, na mwenye mashine na mwalimu wa kwaya, waliokuja mbio kuuliza Tunu ameonekana ana kosa au hana, walisimama mlangoni kila mmoja upande wake, wasijue pa kutazama.

Kitabu kile hakijashonwa mpaka leo. Wateja wakiuliza, Eliamini hujibu kwamba bado anasoma, na siku za gulio hufunga mapema, akavuka kijito kwenda kumsikiliza dada yake.

Mimi simlaumu mtu kwa kupenda vitabu. Hata mimi namlilia Tunu. Lakini wewe uliyeketi hapo mbele yangu, unayeweza kumngojea mtu wa karatasi mpaka kipande cha sita ili ujue kwa nini alifunga mlango: ni nani wa damu yako uliyemzika akiwa hai, kwa kipande kimoja tu ulichokisoma?