Mwanakheri na Jini wa Urefu wa Mkuki

Katika zama zilizotutangulia alitawala sultani aliyeitwa Fumo Idarusi, na mji wake uliitwa Raswani, mji wa kuta nyeupe na milango ya nakshi na soko kubwa ambalo watu walilipenda kuliko nyumba zao, kwani nyumbani mtu hula tu, na sokoni huonja, na hugusa, na hubishana bei, na hukumbatiana na binamu wa mkewe, na hurudi na habari nyingi kuliko mboga.

Basi akaingia mjini mgeni asiyebisha hodi, nayo ni homa kavu ya kifua, ikapita nyumba hata nyumba ikianza na wazee. Na Sultani akawakusanya matabibu na wanazuoni, na baada ya mashauri marefu na karamu ndefu zaidi ikatoka amri yenye muhuri, ikatangazwa kwa pembe katika kila mtaa: ya kwamba kila mtu akae kwake, na ya kwamba sokoni aende mtu mmoja tu wa kila nyumba, pua na mdomo vimefunikwa kwa kitambaa, na kati ya mtu na mtu uwepo urefu wa mkuki, na asiguse mtu asichokinunua, na arudipo aoshe mikono yake, na alivyovibeba, na alichobebea.

Amri ilikuwa njema. Kasoro yake ni kwamba aliyepewa kuisimamia alikuwa Waziri Zahrani, ambaye aliamini kwa moyo safi kwamba sheria ni kama mvua, nayo huwanyeshea wasio na mwavuli. Na yeye mwavuli alikuwa nao, wa hariri, na mtu wa kuubeba.

Na katika mtaa wa Wasonara aliishi binti aitwaye Mwanakheri pamoja na bibi yake mzaa mama, Bi Kae. Wazazi wa binti walikwisha kutangulia mbele ya haki, na hao wawili hawakuwa na mtu mwingine duniani. Na Bi Kae alikuwa na kifua kibovu tangu ujana, kifua ambacho hata moshi wa udi ulikiangusha kitandani, na tabibu alisema waziwazi kwamba homa ile ikimfikia haitamkawiza. Mwanakheri akaapa: "Homa na ipite milango yote ya Raswani, lakini kwangu haitaingia ikiwa nimeibeba mimi."

Na watu wa Raswani, wakirudi sokoni, waliosha mikono kwa mbwembwe na samaki kwa uvivu, na kikapu hakuna aliyekiosha, kwa kuwa walikuwa na itikadi ya kale kwamba kikapu cha sokoni kikioshwa baraka hutoka. Vilikuwapo mjini vikapu vyenye magamba ya samaki wa enzi za sultani babu. Lakini amri ilisema "na alichobebea," na Mwanakheri alikuwa mtu wa kusoma amri mpaka mwisho. Akakitwaa kikapu cha ukili cha bibi yake, akakitia katika beseni la siki na sabuni.

"Ewe mtoto!" Bi Kae alipiga kelele kutoka kitandani. "Unakiosha kikapu? Baraka itatoka!"

"Na itoke, Bibi. Baraka nitapata nyingine. Wewe nitakupata wapi?"

Akasugua, na chini ya uchafu wa miaka ikajitokeza pete ya shaba iliyoshonewa kwenye ukingo, na siki ilipoigusa tu ukatoka moshi wa rangi ya zambarau, na kutoka katika moshi jini mkubwa, kichwa chake kikigusa boriti, na masikioni ana vipuli, na usoni ana haya ya mtu aliyekutwa kwenye uchafu wa samaki.

"Labeka, mwana, labeka!" akanguruma. "Mimi ni Dahmurati mwana wa Dahmurati, mtumwa wa pete. Niamuru! Nikujengee kasri la lulu? Nikuletee taji la mfalme wa Uhindi, na mfalme mwenyewe chini yake?"

"Simama pale pale," akasema Mwanakheri, akivuta kitambaa chake juu ya pua. "Umekaa humo na nani?"

"Peke yangu, mwana, miaka mingi."

"Basi wewe ndiye mtu msafi kuliko wote Raswani. Kasri silitaki, litanipa kazi ya kufagia. Kesho ni zamu yangu ya soko, na watu wananisogelea. Nataka usimame kati yangu na kila mtu, mbele na nyuma na ubavuni, usionekane, na upana wako uwe urefu wa mkuki. Usipungue."

Dahmurati akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. "Mwana," akasema, "nimehamisha milima. Nimekausha ziwa kwa sababu malkia alipoteza kipuli. Na wewe unataka niwe… nafasi tupu?"

"Kama kazi ni ngumu, sema."

"Ngumu? Lahaula! Si ngumu, inadhalilisha!" Lakini pete ni pete, na akatii.

Kesho yake Mwanakheri akasimama katika foleni ya soko, na mbele yake, kwa urefu wa mkuki, alisimama Shekuwe mshona kofia, ambaye kila juma zamu yake iliangukia mbele ya yule binti. Na kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa kutazama mbele na kukaa mahali pao, Mwanakheri hakuwahi kumwona ila kisogo, na Shekuwe hakuwahi kumwona ila sauti.

"Nyuma hapo, salama?" aliuliza Shekuwe bila kugeuka.

"Salama, Mbele. Bibi anakohoa kwa mazoea, si kwa homa. Ndimu zipo leo?"

"Zipo, ila muuzaji anazikadiria kama almasi. Nikuachie zilizo nzuri?"

"Usizibonyeze tu."

"Mimi? Nazitazama kwa heshima, kama wakwe."

Ghafla pembe ikalia, na Waziri Zahrani akatokea, na pamoja naye mbeba mwavuli, na mpiga pembe, na mpepeaji, na msifu, na mbeba kahawa aliyekuwa na kikombe kimoja kilichowazunguka wote na kurudi kwa Waziri. Na Waziri alikuwa na kitambaa cha zari kilichofunika kidevu chake, kiungo ambacho amri haikukitaja. Akapita kando ya foleni yote, akichovya kidole katika halwa ya huyu na kukilamba na kukichovya katika halwa ya yule, na mlinzi wa soko aliponong'ona kuhusu mtu mmoja kwa kila nyumba, msifu akamjibu kwa sauti ya shairi: "Hawa wote ni Waziri! Mwavuli ni kivuli chake, na pembe ni pumzi yake!"

Mlinzi akatafakari, akaona hoja ni ya kisheria, akawapisha.

Waziri alipofika kwa Mwanakheri akataka kupita kati yake na Shekuwe, na akaligonga tumbo la Dahmurati, akarudi nyuma. Akasonga tena, akarudi tena. Kilemba kikamwanguka.

"Nini hiki?" akafoka.

"Ni nafasi, Mheshimiwa," akasema Mwanakheri. "Uliitangaza wewe."

Watu wakacheka ndani ya vitambaa vyao, na hakuna kicheko kinachomuuma mkubwa kama kile asichoweza kukiona mdomo wake. Waziri akatweta, akakohoa, akaunyosha mkono wenye pete na halwa. "Binti, umenivunjia heshima. Ubusu mkono huu mbele ya soko, tuyamalize. Ukikataa, gerezani."

Na Mwanakheri akaona njia zake zote mbili: akiubusu, ataipeleka homa katika kifua cha bibi yake, na akikataa, atafungwa, na kikongwe asiyeweza kufika kisimani atakosa wa kumpelekea hata maji.

"Mkono siubusu," akasema. "Nipeleke kwa mwenye amri."

"Bwana Mlinzi!" akaita Shekuwe, bado hajageuka, maana hakutaka kupoteza nafasi wala kuvunja sheria. "Nami nitatoa ushahidi, nikifuata kwa nyuma, kwa urefu wa mkuki! Na ndimu za huyo binti apelekewe bibi yake sasa hivi, ziachwe mlangoni!"

Wakafika barazani pa Sultani. Na desturi ya Raswani ilikuwa kwamba yeyote aletwaye mbele ya kiti cha enzi kwanza hubusu mkono wa Sultani, na asiyeubusu ni muasi. Sultani Fumo Idarusi akaunyosha mkono wake.

Mwanakheri akapiga magoti mbali, na hakusogea.

"Seyyid wangu," akasema, "Mwenyezi Mungu audumishe ufalme wako. Mkono huo ndio uliotia muhuri amri ya kwamba tusisogeleane. Nikiubusu, nimeuasi, na nisipoubusu, nimeuasi. Basi nimechagua uasi usiomuua bibi yangu."

Baraza zima likashika vichwa. "Mkamateni!" akalia Waziri. Askari wakamwendea, wakaligonga tumbo la jini, mikuki ikagongana na ngao zikaanguka.

"Nani amesimama kati yenu naye?" akauliza Sultani, akiinuka.

"Ni amri yako, Seyyid. Imesimama yenyewe, kwa kuwa wengine wamekataa kuisimamia." Kisha Mwanakheri akageuka upande wa hewa tupu. "Dahmurati, niondokee."

"Mwana!" sauti ikanong'ona. "Leo ndipo nimeanza kuipenda kazi!"

"Ondoka. Sitaki isemwe kwamba Raswani sheria hushikwa na majini tu."

Moshi wa zambarau ukapanda na kutoweka, na kati ya yule binti na askari hakikubaki kitu ila neno. Askari wa mbele, mtu mzima aitwaye Mbwarahaji, akainua mguu apige hatua. Akamtazama binti aliyepiga magoti. Akautazama mkuki wake. Naye alikuwa na mama nyumbani. Akaulaza mkuki wake polepole juu ya sakafu, kati yake na Mwanakheri, akautengeneza ukanyooka, akasimama nyuma ya mpini.

"Seyyid," akasema, "urefu umeishia hapa. Mimi siuvuki."

Wenzake wakalaza mikuki yao kando ya wake.

"Waasi!" Waziri akapaza sauti, akakimbilia kiti cha enzi, akaudaka mkono wa Sultani ili aubusu na kuonyesha mfano wa utii, na palepale kikohozi kikamshika, kikavu, kirefu, na akakimalizia chote katika kiganja cha mfalme.

Sultani akautazama mkono wake kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama.

"Leteni siki," akasema.

Na aliponawa mpaka kwenye viwiko akatoa hukumu: kwamba desturi ya kubusu mikono imekoma mpaka homa ikome, na atakayeidai mkono wake utiwe katika siki, na kwamba Waziri na mwavuli wake na pembe yake na kivuli chake na pumzi yake wafungiwe katika nyumba moja, na atakapopona, mtu mmoja wa nyumba hiyo atakayekwenda sokoni awe yeye mwenyewe, na kikapu achukue mwenyewe, na akioshe. Na kweli Waziri aliugua, akapona, na watu wa Raswani walimwona mwishoni mwa foleni katika jua la mchana, kitambaa kimepanda mpaka machoni, na jini mmoja asiyeonekana akimsukuma kila aliposogea. Dahmurati alikwisha kuachiwa huru na Mwanakheri. Kazi hiyo aliifanya kwa mapenzi yake.

Na Bi Kae aliishi kuuona mwisho wa homa, akilalamika mpaka siku hiyo kwamba baraka ilitoka kikapuni. Na siku pembe ilipotangaza kwamba watu wakaribiane, Mwanakheri alikuwa katika foleni, na Shekuwe mbele yake.

"Nyuma hapo," akasema Shekuwe, "sasa ni halali nigeuke?"

"Ni halali, Mbele. Umechelewa."

Akageuka. Shekuwe akaposa, na Sultani akatoa mahari na nyumba ya ghorofa na dhahabu iliyojaza kikapu kile kile, kikiwa kimeoshwa. Na harusi ikahudhuriwa na mji mzima, nao walikumbatiana mpaka jasho likawatoka. Na mjue, enyi wasikilizaji, kwamba mwenye kushika sheria kwa ajili ya mnyonge si mtumwa wa mtu, na mara nyingine ndiye pekee aliyesimama wima. Hekaya yangu nimeiweka mlangoni penu. Ipokeeni, na mkumbuke kunawa.