Firigisi ya Jogoo wa Mzee Kisia

Sogeeni karibu. Mwenye njaa avumilie, maana hadithi hii inanukia, nami sitabeba lawama za tumbo la mtu. Nitaisimulia mpaka mwisho, kisha ninyi mtaamua, kwa sababu mimi imenishinda.

Katika milima ya Maragoli, ambako mashamba ni membamba na jirani husikia ukikohoa, palikuwa na mzee aliyeitwa Kisia. Mzee Kisia alijaliwa mabinti watatu, hakujaliwa mwana wa kiume, na kila binti alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Kageha, mwenye pua. Ukiwasha moto ng'ambo ya bonde, angekwambia umetia kuni za mti gani na kama zilikuwa mbichi. Alikuwa ameolewa, akafiwa na mume, akarudi nyumbani. Wa pili, Mmbone, alikuwa na mkono wa chumvi. Hakuonja chakula kabla ya kukipakua, na hakuna aliyewahi kuomba chumvi ya kuongeza. Wa tatu, Kadenyi, watu walikicheka kipaji chake: alijua kukaa. Kazi ambayo wewe na mimi tungeiacha baada ya miayo miwili, yeye aliikalia mpaka ikaisha. Hawa wawili hawakuolewa, na msiniulize kwa nini, sikuja hapa kupiga umbea.

Mzee Kisia akafariki. Mkewe alikuwa ametangulia. Boma likabaki na mabinti watatu wanaopendana, pamoja na shamba ambalo ukiligawa mara tatu hakuna atakayepata pa kugeuzia jembe. Kwa hiyo ukoo ukasema: shamba halitagawanywa, boma litakuwa na mwenyewe mmoja.

Sasa, kwa wasiojua desturi ya kule, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma. Mwanamke huiosha tu. Mabinti hawa walikuwa wameosha firigisi tangu utotoni, wakazikwangua mchanga, wakazipika, wakampelekea baba yao mezani. Hakuna hata mmoja wao aliyejua ladha yake.

Ukoo ukamtuma Ambani, mdogo wa marehemu, aje kwa shughuli ya firigisi. Kila mtu alielewa maana yake. Akishaila, boma ni lake, na mabinti watakuwa wageni katika nyumba waliyozaliwa. Waliogopa, tena sana. Hawakuona la kufanya ila kumpikia vizuri, wakitumaini kwamba mtu aliyeshiba hufukuza watu polepole.

Kuku nao walikuwa wamekwisha. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita kikafagia banda zima, akasalia jogoo mmoja, jogoo wa Mzee Kisia mwenyewe. Siku ya mgeni wakamchinja, wakamnyonyoa, na walikuwa ndiyo kwanza wamalize kumtoa matumbo, simu ikalia. Baba mdogo alikuwa upande wa pili wa mto. Maji ya mvua yamefunika daraja, akasema, atafika keshokutwa.

Wakatazamana. Kuhifadhi nyama kwenye barafu hawakuweza, nyumba haikuwa na friji. Wakimpika leo, keshokutwa atakuwa kiporo, na kumwekea kiporo mtu aliyekuja kwa shughuli kama ile ni kumtukana. Wakimkatakata wamkaushe vipande vipande, mgeni ataanza kuhesabu: paja liko wapi, shingo iko wapi. Ilibidi jogoo akae siku mbili, akae mzima, na asiwe kiporo.

Kageha ndiye aliyesema tumkaushe kwa moshi. Nyama ya ng'ombe walikuwa wameiona ikikaushwa hivyo juu ya meko. Samaki pia. Lakini kuku mzima, na kichwa chake, hakuna aliyewahi kujaribu.

Mmbone akaanza. Wenzake walitaka kumpaka jogoo chumvi juu ya ngozi, yeye akakataa, akasema chumvi ya juu hailifikii paja. Akajaza maji kwenye sufuria kubwa, akatia chumvi kwa kiganja, akakoroga, akatia tena, akainama kama mtu anayesikiliza, akaongeza kidogo. Akaponda tangawizi na vitunguu. Akamzamisha jogoo mzima na firigisi yake, akaweka jiwe juu asielee. Asubuhi akamtoa, akamsuuza, akairudisha firigisi tumboni, akamning'iniza penye upepo. Kageha alitaka wamweke motoni mara moja. Mmbone akasimama mbele ya jogoo akakataa tena, mpaka ngozi ikakauka. Ngozi yenye maji, alisema, hushika masizi.

Kageha akaingia kazini. Kuni zote za boma zilikuwa za mkaratusi, kavu, zimepangwa vizuri ukutani, na Kadenyi alikuwa ameshabeba mzigo wa kwanza. Kageha akanusa, akamwambia azirudishe. Moshi wa mkaratusi unanukia dawa ya kifua, alisema, tutamlisha baba mdogo dawa. Akazunguka boma akinusa magome. Msipresi, hapana. Mparachichi, hapana. Akasimama mbele ya mpera alioupanda mwenyewe mwaka aliorudi kutoka kwa marehemu mumewe, mti pekee aliouita wake. Akasimama hapo muda, kisha akaingia nyumbani, akatoka na panga. Aliangusha matawi yote mazuri. Mengine aliyaacha mabichi, mengine akachagua yaliyokwisha kukauka, akayachanganya kwa kipimo anachokijua yeye na pua yake.

Kadenyi akalichukua pipa kuukuu, akalitoboa matundu chini kwa msumari, akapitisha fito juu, akawasha kuni za mpera chini, akamtundika jogoo ndani, akafunika kwa gunia lililoloweshwa. Kisha akavuta kigoda, akakaa. Moto ulipotaka kuwaka akaunyunyizia maji, ulipotaka kufa akaupuliza. Saa za mchana mvua ikarudi. Dada zake wakamwita aingie ndani. Akachukua bati, akaliinua juu ya pipa kwa mikono miwili, na maji yakawa yanamshukia mgongoni. Mikono ilipochoka aliegemeza ukingo wa bati kichwani. Moshi haukukatika hata kidogo. Jioni walipofunua gunia, jogoo alikuwa amekuwa na rangi ya asali, na meno ya Kadenyi yalikuwa yakigongana kwa baridi.

Ambani akafika keshokutwa kama alivyosema, matope hadi magotini. Wakampa maji ya kuoga. Jogoo wakampasha kwa mvuke, wakamweka mzima kwenye sinia, ugali pembeni, mboga za kienyeji pembeni. Ambani akamtazama kwa muda. Akavunja paja, akala taratibu, nao wamekaa mkekani wamemkodolea macho.

"Chumvi imefika mfupani," akasema mwishowe. Akavunja bawa. "Moshi huu ni mtamu, sijui ni wa mti gani." Akavunja kifua. "Na nyama haikukauka, wala haina damu. Nimekula kuku maisha yangu yote, sijala kama huyu."

Akatia vidole tumboni mwa jogoo, akaitoa firigisi. Ilikuwa nyeusi kidogo, inang'aa mafuta. Mabinti wakainamisha vichwa, maana saa yenyewe ndiyo hiyo. Lakini Ambani hakuila. Aliiweka kwenye kisahani peke yake.

"Mimi nina boma langu, na hilo nalo linanielemea," akasema. "Sikuja kuwafukuza watoto wa kaka yangu. Ukoo umeniambia nimtafute mwenye boma, haukuniambia awe mwanamume. Mkono uliompika jogoo huyu ndio utakaokula firigisi hii. Ni mkono wa nani?"

Kageha alilia kwa furaha. Mmbone akamshika mkono. Kwa muda mfupi walikuwa na furaha ambayo hawakuwa nayo tangu msiba, mpaka wakaelewa swali waliloulizwa.

Mmbone akatangulia. Alisema bila chumvi yake jogoo angeanza kunuka kabla kuni hazijachanjwa, na bila yeye kuwazuia, wangekula masizi. Kageha akasema chumvi tupu ni chumvi tu, utamu ambao baba mdogo ameusifu ni wa mpera, na mpera sasa umebaki shina tupu. Kadenyi akawa wa mwisho.

"Chumvi ilishawekwa, na kuni zilishakatwa," akasema, akimtazama baba mdogo na si dada zake. "Mvua ilipokuja, wao walikuwa ndani."

Hakuna aliyesema uongo. Na hilo ndilo lililoumiza, kwa sababu hawakuwa wamewahi kuhesabiana. Mmbone akasema kwa sauti ndogo kwamba labda igawanywe vipande vitatu. Ambani akatikisa kichwa.

"Nikiikata hii, kesho watu watakuja na kamba kuligawa shamba," akasema. "Namtafuta mmoja. Wawili watakaobaki watakaa hapa, lakini watakaa kwake."

Akainuka, akasema anakwenda kunawa mikono, akirudi atampa mmoja. Nje alinawa muda mrefu kuliko mikono ilivyokuwa michafu. Alimaliza maji ya birika, akabaki amesimama, na mimi namwelewa.

Ndani mabinti watatu wamekaa kwenye mkeka mmoja, kisahani kiko katikati. Wanaisikia harufu yake. Hakuna anayenyoosha mkono, na hakuna anayemtazama mwenzake. Wiki nzima walikuwa wakimwogopa baba mdogo. Sasa wanaogopana.

Nimeisimulia hii sokoni, wanawake wakampa Mmbone, kisha wakagombana wao kwa wao. Nimeisimulia matangani, wazee wakampa Kageha kwa sababu ya mti. Watoto kila mara humpa Kadenyi. Mimi nimebadilisha mawazo mara nyingi, na kila nikimpa mmoja, nawaona wale wawili wakiinuka mkekani kama wageni.

Haya, Ambani anarudi mlangoni, mikono inadondoka maji. Wewe ndiye Ambani. Unainama, unaichukua firigisi. Je, unaiweka katika kiganja cha nani?