Kitambaa chenye Ncha Kumi na Moja

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo pakawa gani, ya watu walioshiba wakasinzia? Paukwa, nasema!

Pakawaaa!

Haya. Sogeeni, na wewe hapo acha kuchokonoa moto. Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa bado wanatoa ushauri bila kuombwa, palikuwa na mwanamke jina lake Mwatumu, fundi wa kufuma vitambaa. Mpe sindano yake ya kulabu na donge la uzi, atakufumia duara, atakufumia mraba, na bado atakuwa anasonga ugali. Lakini mwaka ule alipata kazi iliyomtoa jasho mpaka nyayoni.

Kwao kulikuwa na mila. Binti akiposwa, kila mwanamke wa ukoo hufuma kipande chake nyumbani kwake, kwa umbo alitakalo, na hakuna wa kumwambia fuma hivi au fuma vile, maana mkono wa mkubwa haukosolewi. Vipande huungwa pamoja, kisha mama wa binti huvizungushia pindo. Siku ya harusi kitambaa hutandikwa chini, na mama wa bwana harusi huja na bakuli la maji lililojaa pomoni. Huliweka juu ya pindo, hapa, na hapa, na hapa, mpaka amalize kuzunguka. Maji yakitulia, harusi ipo. Yakimwagika, watu hurudi makwao mpaka mwakani. Yakimwagika mara ya pili, posa hurudishwa, na habari imekwisha.

Rukia, binti wa pekee wa Mwatumu, maji yake yalikuwa yameshamwagika mara moja. Mwaka mzima alikuwa akiamka na macho mekundu kwa ajili ya Faki wake. Sasa alikuwa amebakiwa na bakuli moja tu.

Na kitambaa chenyewe! Bibi yake alifuma nyota, kwa kuwa alianza duara macho yakamsaliti. Mama mkubwa alifuma pembetatu, kwa kuwa uzi ulimwishia na dukani ni mbali. Na shangazi zake wawili, Mize na Kibibi, huu ulikuwa mwaka wa sita hawasemezani, kisa kinu kilichoazimwa kikarudi na ufa. Kila mmoja alifuma kipande kirefu chenye ncha, na kila mmoja akasema, "Changu kisigusane na cha yule." Basi vikashikizwa kwa chini tu, na katikati yao pakabaki pengo lililoingia ndani kama kwapa. Ukikitazama kitambaa kile ungedhani kimedondoka kutoka juu ya mnazi. Ncha kumi na moja! Nani ameona kitambaa chenye ncha kumi na moja?

Zilibaki siku tatu. Mwatumu akaketi barazani, akalifumua pindo la mwaka jana, lile alilolifuma kama alivyofundishwa na mama yake, vitanzi vitatu kila tundu. Akashika sindano, akakuna kichwa.

Jogoo akapita. "Mama Rukia, unaufanyia uzi ubahili. Ongeza! Ongeza! Ongeza!"

Mwatumu akafuma vitanzi vitano kila tundu, kutwa nzima, mgongo ukamuuma. Alipokitandika, pindo lilikuwa limejikunjakunja, limeinuka, limelala, limeinuka tena, mfano wa kilemba cha jogoo.

"Maridadi!" akasema Jogoo. "Kimenifanana mimi!"

"Nani amekuambia nataka kumwozesha binti yangu juu ya kichwa chako?" Mwatumu akamrushia ndara. Akafumua, akafumua, akafumua.

Siku ya pili akaja Mbuzi, anatafuna kitu ambacho hakikuwa chake. "Mama Rukia, mimi kamba ikilegea hutoroka. Kaza! Kaza! Kaza!"

Mwatumu akafuma kitanzi kimoja kimoja, amekaza mpaka vidole vikafanya alama. Alipokitandika, kitambaa kilikataa kulala. Kingo zote zilipanda juu, katikati pakabonyea.

Mbuzi akaingiza kichwa ndani. "Kinafaa kulia pumba."

"Mbuzi wewe, mshukuru Mungu harusi haijafika bado!" Mbuzi alielewa, akaondoka bila kugeuka nyuma. Mwatumu akafumua, akafumua, akafumua. Macho yalimjaa machozi ya hasira, akayafuta kwa kanga, akaendelea kufumua.

Siku ya tatu alfajiri, kesho yake ndiyo harusi, Mwatumu akatoka na sindano yake na kumkuta Paka amelala juu ya kitambaa, miguu minne juu.

"Toka hapo!"

"Sitoki."

"Nimesema toka!"

"Nisikilize kwanza, ndipo nitoke," akasema Paka, na hata jicho hakufungua. "Mimi sijui kufuma. Najua kulala. Hiki kitambaa nilikilalia mwaka jana kikiwa na pindo lako la vitatu vitatu, nikakosa usingizi. Kwenye ncha kilikuwa kinavuta, uzi haukutosha kuzunguka. Humu kwenye kwapa ulirundikana, ukanichoma mbavu. Wewe unampa kila mmoja sawasawa, nao hawakukaa sawasawa. Mwenye kutokeza mwongeze. Aliyeingia ndani mpunguzie."

Paka akatoka, Mwatumu akakivuta kitambaa kwake. Kilichomuudhi zaidi ya yote ni kwamba Paka, mvivu wa kupindukia, alikuwa amesema kweli.

Akaanza. Penye ukingo ulionyooka, vitanzi vitatu. Akifika kwenye ncha, vitano ndani ya tundu moja, kisha anakata kona na kushuka. Pindo likalala! Akapita kwenye nyota ya bibi, likalala. Akapita kwenye pembetatu ya mama mkubwa, likalala. Mchana ulipopinduka akafika kwenye lile kwapa, katikati ya kipande cha Mize na kipande cha Kibibi, na mkono ukasimama.

Maana ili kupunguza pale, ilibidi aruke matundu mawili ya Mize na mawili ya Kibibi, kisha azivute pande zote mbili azishike kwa kitanzi kimoja. Na kwa mila yao, huwezi kuruka tundu la mtu bila idhini yake. Basi wakaitwa. Wakaja, wakaketi barazani, huyu kaangalia mashariki, huyu kaangalia magharibi.

"Wifi Mize," akasema Mwatumu kwa upole, "niruhusu niruke matundu yako mawili."

"Yangu? Ruka ya huyo aliyepasua kinu."

"Wifi Kibibi, na wewe mawili."

"Mwambie huyo kwamba kinu kilikuja kwangu na ufa wake."

"Mwambie anayesema hivyo ni mwongo."

"Mwambie mwongo anajijua!"

Mwatumu akaitupa sindano chini.

"Sisemi neno lolote kwa mtu yeyote! Nimechoka! Jogoo kanishauri, nimefumua. Mbuzi kanishauri, nimefumua. Nimesutwa na paka nyumbani kwangu, nikanyamaza. Sasa sikilizeni. Kesho maji yakimwagika, simwambii Rukia mimi. Mtamwambia nyinyi. Mmoja atasimama kulia kwake, mmoja kushoto, mumwambie: mwanetu, umemkosa Faki kwa sababu ya matundu manne."

Pale mlangoni alikuwa amesimama Rukia, amesikia yote. Hakulia. Aliwatazama, mmoja kisha mwenzake, akasema, "Shangazi." Kisha akaiokota sindano, akampa mama yake.

Mize akakisukuma kipande chake mbele. "Ruka."

"Na yangu ruka," akasema Kibibi. "Ruka hata matatu."

"Matatu ya nini? Anataka kuonekana mwema. Basi na yangu matatu!"

"Mawili!" akafoka Mwatumu. "Mawili, mawili, jamani! Shikeni hizo ncha zenu msizitikise!"

Wakashika, huyu upande huu, huyu upande ule, na ili ncha zikae sawa iliwabidi wageuke watazamane. Mwatumu akaruka matundu manne, akavuta, akashika kitanzi.

Kesho yake watu wakajaa. Bi Nuru, mama yake Faki, akaja na bakuli lake. Akaliweka kwenye ncha ya kwanza, maji yakatulia. Akaliweka kwenye ya pili, yakatulia. Zote kumi na moja, tuli. Kisha, kwa kuwa wakwe ndivyo walivyo, akaliweka pale pale kwapani, juu ya kitanzi kilichoshika pande mbili. Maji yakatikisika. Yakatikisika. Rukia akafumba macho. Yakatulia.

Vigelegele! Bi Nuru akainama, akapapasa lile pindo kwa kidole. "Mkwe wangu, kazi nzuri. Na hapa, hapa pande mbili zilipokutana, hapa pamenipendeza kuliko pote. Pamefumwa na nani?"

Mwatumu akafungua kinywa. Alikuwa na vidole vilivyovimba, mgongo uliopinda, na siku tatu ambazo hatarudishiwa na mtu.

"Tumefuma sisi," wakasema Mize na Kibibi kwa pamoja.

Sisi! Damu ilimchemka Mwatumu. Alitaka kuwauliza, sisi nani, mlifuma nini, na sindano gani? Alipowageukia, akakuta wale wawili wanatazamana, wameshtuka, maana miaka sita neno lile halikuwa limetoka katika vinywa vyao. Mwatumu akaufunga mdomo wake, akameza yote aliyotaka kusema, akaenda kumwita bwana harusi.

Hadithi yangu imeishia hapo hapo, na anayetaka kuiongezea ncha ya kumi na mbili, aifume mwenyewe.