Mlango Mfupi Uliobaki kwa Kifaru

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga na kupaka rangi kama sisi, Pimbi hakuwa na nyumba. Alilala kwenye ufa wa jiwe na mkewe na watoto watatu. Mvua ikinyesha, cho! cho! cho! maji yaliwaingia masikioni.

Jirani yake Kifaru alikuwa amemaliza kukarabati nyumba. Uani lilibaki rundo: mabati manne ya buluu, mbao, vigae vilivyomeguka pembe, misumari nusu kopo, na mlango mmoja mfupi.

Pimbi alilitamani rundo lile. Kuomba aliona haya. Kudanganya hakuona.

"Hodi, Mzee Kifaru! Alaa! Bado unaishi na mabaki haya?"

"Yana nini?"

"Vumbi lake huleta upele! Mwenye ngozi nene ndiye huumia zaidi. Hujaanza kuwashwa?"

Kifaru akajikuna ukutani, kwaru! kwaru! "Ebo! Nawashwa kweli! Nifanyeje, jirani?"

"Niachie mimi, nikayatupe mbali."

"Na wewe je?"

"Mimi mdogo, vumbi halinioni."

Siku tatu Pimbi alibeba na kugongomea, ko! ko! ko! Mlango ukaingia kwenye fremu, pa! bila kurandwa hata kidogo.

"Baba Kijino," mkewe akauliza, "Kifaru alikuwa akipitaje hapa?"

Pimbi akajifanya anatafuta msumari.

Siku ya nne, di! di! di! Kifaru huyo. Ubavu wake ulikuwa umechubuka kwa kujikuna.

"Jirani! Nasikia hukuyatupa, unalala nayo! Nimekuletea mafuta ya mnyonyo, jipake upesi. Na kitasa hiki hapa."

"Kitasa cha nini, Mzee?"

"Cha mlango wako. Nilikukatia wewe. Hata mabati niliyazidisha makusudi. Nilisubiri rangi yangu ikauke, nikuite."

Masikio ya Pimbi yakawaka moto. Aliutamani ule ufa wake wa zamani, ajifiche humo asionekane.

"Mzee... upele haupo. Nilikudanganya."

Kifaru akaacha kujikuna. Akamtazama Pimbi, akautazama mlango, akashusha pumzi.

"Basi nipake mimi," akasema. "Panauma."

Pimbi akapanda kigoda, akampaka taratibu, bila kuweza kuinua macho.

Watoto wangu, ukimlaghai mtu akupe alichokwisha kukuwekea, kitu utakipata, ila furaha ya kupewa umeiua mwenyewe.